Bule ya Prof

Batoto yangu, mukae, na ule wa nyuma aache kucheka kwanza.

Jumapili yenye ilipita, batu balipotoka mu kanisa, kijana mumoja wa Mantapala, ile camp ya bakimbizi, alinikuta hapa ku soko ya Kashikishi. Nilikuwa nasimama mbele ya mama mumoja wa Mununga, eko ananipimia chisense, bale samaki badogo ba kukausha. Kijana alinisalimia na heshima, mikono mbili, akainama kidogo. Nikamuuliza: "Na kwenu mu camp, habari?" Akajibu: "Mama Nyota, kule kwetu hakuna kintu. Ni bule tu."

Nilikasirika! Mama wa samaki akawaza nagombana juu ya kipimo yake, akaongeza mukono moja ya chisense. Nilichukua, sikukataa, mais hasira haikuisha. Juu gani? Juu miye nilifanya kazi na bule maisha yangu yote. Nilifundishwa kuielekea, kuipima na kuikata. Na siku moja niliisikia bule ikisema. Mwanafunzi wetu mumoja, Yvonne, alikaribia kurudishwa kwao bila diplome juu ya ile bule. Alors leo nawapa habari ya Yvonne, na munitafutie ule kijana naye akuje kusikia.

"Mama Nyota" ni jina munanipa nyinyi, ya kunichekesha. Munawaza nilikuwa nakaa na jicho moja ku bomba, nafinya ile ingine, nahesabu nyota. Wapi! Myaka yote yenye nilitumika, sikuona nyota ata moja ndani ya darubini yetu. Haikuwa ya jicho. Ilikuwa sahani ya chuma, kubwa kupita kanisa yenu na uwanja yake, inasimama mu pori ya kule Afrika ya Kusini. Haioni mwangaza, inasikia. Galaksi, ni kusema ile miji kubwa ya nyota, yenye hakuna mutu atamaliza kuhesabu nyota zake, iko na gaz ndani na pembeni. Ile gaz inanongona. Inatoa sauti ya redio, kidogo sana, na sahani yetu ilikuwa inaikamata. Gaz ndiyo unga, nyota ndiyo bukari, ni kusema ugali. Mutu mwenye anataka kujua galaksi inazaliwa namna gani na inakomaa namna gani, swali yake ya kwanza ni hii: unga inatoka wapi?

Miye sikuwa profesa. Nilisoma umeme kule Lubumbashi, nikafuata bwana yangu kusini, nikapata kazi ya kuongoza ile sahani. Batu ba sayansi banakuja na galaksi yao, miye nageuza sahani, naangalia upepo, naangalia mashine kama iko na afya. Ni kazi ya mutu wa roho ya kupoa. Na roho yangu, munaijua, haipoi mbio. Prof ndiye alinipoza.

Prof alikuwa muzungu wa kule kule, murefu, na kofia ya majani yenye iliisha rangi. Tulimwita Prof tu. Ata muke wake alimwita Prof. Siku yangu ya kwanza nilifika na karedio kangu mu kitunga, juu nilipenda kusikia kwaya wakati wa kutumika. Aliichukua polepole mu mikono yangu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Pweto, ku ziwa Mweru. Akasema, kwa Kiingereza, miye nawapa mu Kiswahili yetu: "Chola, wazia mutu anasimama ngambo ya ziwa yako, ananongona jina yako. Huku tunafanya kazi ya kumusikia. Sasa hii redio yako ni sawa vile ngoma ku mulango." Alinirudishia saa ya kurudia nyumbani, na betri alizitoa. Alikuwa mutu wa kuchunga.

Na kelele, batoto, tulikuwa tunaiwinda sawa vile batu banawinda panya mu gala. Kulikuwa juma moja, kila siku, kelele moja inaingia, tra-tra-tra, ata tukielekeza sahani wapi. Bainjinia bakafungua mashine yote. Bakafungua tena. Bakalaumu satelaiti, bakalaumu radi. Prof akauliza inaingia saa ngapi. Tukasema: karibu na chakula. Akasema: "Galaksi hazili pamoja nasi." Akatembea mpaka jikoni, akaonja mboga kwanza, juu alikuwa mulafi kidogo, kisha akaona mupishi wetu anawasha jiko ya gaz na kiberiti mupya ya kufinya, ile yenye inatoa cheche. Tra-tra-tra. Prof akamuletea kiberiti ya njiti, sanduku muzima. Tangu pale, mashine ikileta matata, bainjinia banaenda jikoni mbele ya kufungua kintu yoyote. Mupishi aliona ni heshima.

Ile wakati ya kwanza, kalamu ilikuwa inachora mustari juu ya karatasi, nasi tunasimama pale sawa vile batu mbele ya mulango ya mama mwenye anazaa. Kisha ikakuja ordinateri, ni kusema kompyuta. Leo sahani ni mingi, zinasikia pamoja sawa vile sikio moja kubwa, na kijana anatuma kazi yake eko mu kitanda, anakunywa chai. Siko nakataa. Inasikia mbali kupita yetu, na miye mwenyewe nilifurahi. Mais hasimami ku mulango, ule kijana. Hajui kungojea mustari ianze kuinuka.

Sasa musikilize muzuri, juu hapa ndipo kazi iko.

Mbingu iko na kelele yake. Sahani iko na kelele yake. Hewa, udongo, ata weye ukisimama pale, kila kintu yenye iko na joto inapiga kelele. Sauti ya galaksi iko chini ya ile yote. Utaitoa namna gani? Muangalie mama wa samaki. Mbele ya kupima samaki, anapima beseni yenyewe, mutupu. Kisha anatia samaki, anapima tena, anatoa uzito ya beseni. Yenye inabakia ni samaki. Nasi vilevile. Tunaelekeza sahani ku galaksi, tunasikiliza. Kisha tunaigeuza pembeni, ku kipande ya mbingu yenye haina kintu, tunasikiliza tena muda ule ule. Tunatoa hii mu ile. Yenye inabakia ni galaksi. Donc nusu ya maisha yangu, batoto, sahani ya bei kali vile, na bainjinia yake yote, ilikuwa inaangalia pahali pa bule. Bageni bakiuliza, "Sasa munaangalia nini?", najibu, "Hakuna." Banacheka, banawaza nawachezea.

Mais bule ya muzuri si kila pahali. Inabidi ikuwe safi kabisa. Na kwa ile upande ya mbingu kwenye galaksi mingi yetu ilikuwa, Prof alichagua bule moja wakati angali kijana. Aliisikiliza juma na juma, haikusema neno. Tangu pale batu bote bakaitumia. Jina yake ilikuwa "bule ya Prof." Mwanafunzi akifika, anafundishwa choo iko wapi, chai iko wapi, na bule ya Prof iko wapi.

Prof alinipenda, na siku moja alinionyesha kintu. Aliniuliza, kule kwetu batu banasema nini juu ya ile mawingu mbili ya kidogo, nyeupe, yenye inakaa kusini na haitembei na upepo. Nikaanza kucheka. Kwetu Pweto, ziwa iko kusini, na mvua ikiachilia mangaribi, ile mbili inasimama juu ya maji, mbali. Mama yangu alikuwa anatuambia: "Ile ni moshi. Kule ngambo kuko bamama banakausha samaki, na samaki yao haiishi." Ni maneno yake tu, ya kutulalisha. Prof hakucheka. Akaniambia ile mbili ni galaksi, batoto badogo ba jirani ya galaksi yetu. Kisha akafungua picha yenye ilitengenezwa na sauti ya gaz, ile yenye jicho haioni. Eeh Mungu wangu! Kutoka ku ile mawingu mbili kulikuwa moshi murefu, murefu, inapita mbingu, inakuja kuangukia kwetu. Mama yangu hakusoma ata darasa moja, hakujua kintu juu ya gaz, alisema vile tu, juu tulale. Na moshi ilikuwa pale.

Basi, Yvonne.

Yvonne alikuwa mutoto wa Likasi, mwili kidogo, maneno mbio. Na batu ba pale alisema Kiingereza, mais akikasirika, Kifaransa. Akichoka sana, anakuja kwangu na Kiswahili. Kazi yake ya doctorat ilikuwa juu ya galaksi moja, muzuri sana, yenye bado inazaa nyota mingi. Alikuwa anatafuta unga yake inatoka wapi. Bourse yake, ile feza ya kusomea, ilikuwa inaisha, na sahani nayo ilikuwa karibu kufungwa kwa kutengenezwa, murefu. Alipimisha ile galaksi yake, na ndani ya kilima ya sauti yake, pale mustari inainuka, ikaonekana shimo. Katikati kabisa, mustari inaanguka chini ya sifuri, ni kusema beseni na samaki iko nyepesi kupita beseni mutupu. Haiwezekani! Bainjinia bakapima mashine: muzima. Bakapita jikoni: kiberiti ya njiti. Tukapima tena. Shimo.

Mwalimu wake alimwambia: "Ile vipimo imeharibika. Toa ile galaksi mu kazi yako." Mais bila ile galaksi, kazi yake haikuwa na kichwa. Alikuja kwangu, akakaa juu ya sanduku ya mashine, miguu haifiki chini.

"Mama Chola, banataka nirudie nyumbani juu ya shimo."

"Ulikula?"

"Nitakula nini, na hii shimo?"

"Bukari. Hakuna shimo yenye inakataa bukari. Kula, kisha uniambie."

Alikula, na midomo ikijaa akaanza kuniambia. Yenye ilimuchoma ni hii: shimo ilikuwa safi sana. Mashine ikiharibika, inaharibu ovyo, leo hapa, kesho pale. Hii ilikuwa inakaa pahali pamoja sawa vile mutu mwenye nyumba yake. "Kintu yenye iko na nyumba," alisema, "haiko kosa ya mashine."

Akaenda kutafuta vipimo ya galaksi zote za ile upande ya mbingu, zake na za batu bengine, ata za zamani, za ile wakati ya kalamu. Akazitandika juu ya meza ya chakula, mupishi akalalamika. Akaita, "Mama Chola, kuja!" Niliinama. Galaksi hii, kilima yake iko huku. Ile ingine, kilima yake iko kule. Mais mu zote, pahali pale pale, kashimo. Kadogo. Na karibu na kila moja, batu baliandika na mukono: kosa ya mashine, kata. Kata. Kata. Mukono mingi ilikuwa ya Prof.

Yvonne aliweka kidole juu ya kashimo. "Mama, kama samaki ya kila mutu inakosa kipande ile ile, iko nini?"

Nilijua. Ni beseni. Wakati tulikuwa tunapima beseni mutupu, ndani mulikuwa samaki. Bule ya Prof haikuwa bule.

Sasa muelewe uzito yake. Kama Yvonne alikosea, anarudia Likasi bila kintu, na batu banacheka mutoto mwenye alitaka kumufundisha Prof. Na kama alisema kweli, ni Prof mwenyewe alikata ile kintu myaka yote. Alikuwa karibu kustaafu. Ilibakia siku yake moja tu ku sahani, na batu bote tulijua galaksi yenye aliichagua kwa kuiaga, ile ya kwanza kabisa alipima akiwa kijana. Kisha sahani inafungwa. Hakukuwa siku ingine kwa Yvonne, wala kwa mutu yoyote.

Yvonne alimuambia Prof wakati wa chai. Prof aliangalia zile karatasi, moja, moja. Uso yake ikakuwa nyekundu.

"Binti, ile bule niliichagua mbele mama yako ajue atakuzaa."

"Ndiyo, Prof."

"Niliisikiliza juma na juma."

"Ndiyo, Prof. Na sahani ya ile wakati. Masikio yake ilikuwa bado ndogo."

Prof alisimama, akatoka. Akaacha kofia yake juu ya meza. Myaka yote, sikuwahi kuona ile kofia bila Prof chini yake. Yvonne akanifuata mpaka ku mashine: "Nilimuvunja, mama? Nilimuvunja muzee?" Nilikuwa namukasirikia kidogo, kusema kweli, na nilikuwa naombea asikosee.

Asubui ya siku ya Prof, nilifika mapema, nikaelekeza sahani karibu na galaksi yake ya kuaga, ili asingoje. Alifika na kofia. Akakaa ku kiti yake.

"Chola."

"Prof."

"Elekeza ku bule yangu."

Niliwaza sikusikia muzuri. "Na galaksi yako, Prof?"

"Ile ilishaniona mara mingi. Elekeza. Na bule mupya, ya kutoa, achague Yvonne."

Sahani ikageuka. Iko na mulio yake ile chuma, murefu, ya chini, unaisikia mu kifua. Yvonne akachagua kipande ingine ya mbingu, tukaisikiliza kwanza. Kisha tukaelekea bule ya Prof, sahani yote, uso muzima, sawa vile ni mugeni wa heshima. Tangu Prof akiwa kijana, hakuna mutu alifanya vile. Kila siku pale tulikuwa tunapima beseni tu, juu ya galaksi ingine.

Mustari mara ya kwanza ilikuwa inatetemeka tu. Kelele. Tunaenda ku bule mupya, tunarudia. Kelele. Mupishi alileta chai, ikapoa mbele yetu, naye akabakia kuangalia. Na upepo ikaanza. Niliangalia kipimo ya upepo, sindano inapanda. Upepo ikizidi, ni sheria, unalaza sahani, uso juu, na kazi inaisha pale. Niliita, "Prof, upepo." Akasema, "Naiona." Hakutoa macho ku mustari. Nikaweka mukono yangu karibu na kifungo, na nikaomba, Bwana, weye ulifanya zile bintu zote, utupatie kidogo tu.

Ikaanza kuinuka. Kidogo-kidogo, pale pale kwenye shimo ilikuwa. Nilifikiri ni macho. Tukarudia, ikaongezeka. Ikakuwa kakilima, kisha kilima, na ubavu yake mbili, safi kabisa. Shimo ya Yvonne, inapinduliwa juu.

Niliogopa, batoto, ile uoga ya mu kanisa, yenye haikufukuzi. Mu pahali penye tulisema hakuna kintu, kulikuwa wingu ya gaz, kubwa kupita akili ya mutu, bila nyota ata moja yenye batu bangeona, iko inaangukia polepole galaksi ya Yvonne. Unga, mu njia, inaenda jikoni. Ile sauti ilitoka kule mbele mutu wa kwanza hajachonga mutumbu wa kwanza. Ilisafiri muda ile yote, ikafika ku sahani yetu kila siku, nasi tukaikata kila siku. Na haikuchoka kufika.

Nilifinya kifungo, sahani ikalala, upepo ikapiga. Mu chumba hakuna mutu alisogea. Yvonne alikuwa analia bila sauti. Prof alitoa kofia, akaiweka juu ya magoti.

"Ilikuwa inasema na miye kila siku," alisema. "Na kila siku niliikata."

Akalia naye. Kisha akacheka, machozi ingali inashuka, akamukamata Yvonne mikono mbili: "Binti, nilipewa zawadi ya kuaga, na haikuwa ile nilichagua!" Kisha alisimama mbele ya batu ba sayansi, bakubwa bote, na akasema mwenyewe: bule ni yangu, na haikuwa bule. Batu mingi balienda kutazama tena karatasi zao. Ile galaksi yake ya kuaga hakuipima tena. Yvonne alipata doctorat yake, leo ni mwalimu, na sauti yake mbio inasumbua bengine.

Wingu ilikuwa inataka jina ya kuitia mu kazi, jina ya nyumbani tu, mbele ya ile namba murefu. Yvonne akanigeukia: "Mama Chola, kwenu munasema nini?" Nikawaambia moshi ya mama yangu. Basi tukaiita Moshi, bazungu nao bakajifunza kusema Moshi, vibaya vibaya.

Bon. Bengine kati yenu mulikuwa bado badogo ile mwaka batu balikimbia vita, bakavuka. Mulivuka na mutumbu, bengine mulifikia ku Puta, bengine huku, na bakawakusanya kule Kenani, camp ya kupokelea. Mama yangu alikuwa kati yenu. Miye nilipata habari nikiwa kusini, nikapanda bisi, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Nilimukuta anakaa chini, mbele ya hema, mikono juu ya magoti, kitambaa ya kichwa imefunguka. Mama yangu mwenye hakuwahi kukaa bila kazi. Nilimuita. Aliniangalia sawa vile niko mbali sana.

"Chola, nilikuja bule," alisema. "Nyumba, hapana. Nyavu, hapana. Myaka yangu yote niliiacha kule. Niko bule."

Bamama bengine balishamupa maneno yote ya kanisa. Nikakaa karibu yake, chini, kama vile tulikaa na bule ya Prof. Juu sikujua kufanya ingine, nikaanza kumuhadisia kazi yangu: sahani, beseni, Yvonne na shimo, kofia ya Prof. Na wingu yenye tuliipa jina ya moshi yake. Niliwaza hasikii. Kisha akageuza kichwa.

"Ile moshi, munasema mulikuwa munaikata?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Myaka yote."

"Na haikuisha?"

"Haikuisha."

Akacheka. Kidogo, na pua, ile kicheko yake ya kuchekelea batu benye akili mingi. Kisha akashika ardhi, akainuka, akafunga kitambaa yake mara mbili sawa vile alifanyaka ku Pweto asubui, na akaniuliza:

"Sasa huku, kuni banatafuta wapi?"